Vunja Hatua

Kiswahili cha baba kilikuwa cha keya:
kilijua "simama", kilijua "twende",
"tafadhali" hakikukutana nayo njiani.
Sala alisali kwa Kilugbara.
Kuhesabu, alihesabu kwa lugha ya bunduki.

Huko Burma, kwenye mto Chindwin,
walivuka kwanza kwa chelezo, usiku,
na Anguzu wa Maracha akateleza
na kila kitu mgongoni.
Maji hayakupiga hata kelele.
Wiki ya pili daraja la chuma likasimama palepale,
na sajenti akapaza sauti: Vunja hatua!
Kila mtu atembee kama mlevi atokaye kilabuni,
maana miguu elfu ikitua pamoja
daraja hushika mdundo, likacheza, likakatika.

Baba alivuka akihesabu pini.
Nadhani hakuacha tena kuhesabu.

Alirudi Arua na blanketi na koti la kumpwaya.
Miaka mitatu stoo ya Kazi za Umma, akipima misumari,
usiku akibishana na logarithimu mbele ya koroboi;
kisha Kampala, kisha ng'ambo kwenye baridi,
hata siku alipotia sahihi "Mhandisi"
na kalamu ikatoboa karatasi.

Mama alikuwa akisema:
waume wa wenzangu hulalia mito ya pamba,
wangu hulalia mito ya maji.

Madaftari yake ninayo.
Chini ya kila hesabu ya uzito
(malori, tumbaku, ng'ombe, mafuriko)
pana mstari mmoja zaidi:
"Anguzu, ratili mia na sitini. Bunduki, tisa.
Maji ndani ya nguo, sijui."
Mkaguzi aliukata kwa wino mwekundu.
Baba aliuandika upya, kwa herufi kubwa.

Jumamosi tulikwenda kumzika ng'ambo ya Enyau.
Wazee wa keya waliobaki, watatu,
walishika jeneza pamoja na vijana,
na miguu yao, bila kuulizwa, ikaingia gwaride:
kushoto, kulia, kushoto.
Tulipokanyaga mbao za kwanza za daraja lake
nyapara Jalobo, kibogoyo, mkongojo juu,
akafoka: Vunja hatua!

Tukavuruga mwendo. Jeneza likaenda mrama,
mtu mmoja akacheka, akaona haya.
Mimi sikulia hapo. Nilikuwa nahesabu:
wabebaji wanane, sanduku la mvule, baba,
aliyekuwa amebaki mwepesi mno,
na yule mmoja
ambaye nafasi yake ilikwisha kuwekwa.