Maji ya Kwanza

Kazi yangu ni kutoboa ardhi.
Miaka ishirini na sita nazunguka na mtambo,
Bahi, Chipanga, Manchali,
hadi Kongwa kule upepo unakong'ota mabati usiku kucha,
nikisikiliza chuma kinavyozungumza chini:
kichanga hunong'ona, udongo mfinyanzi hunyamaza,
itale hupiga kelele mpaka meno yakauma.

Na kila kisima kikitema,
kijana wangu Chilongani ndiye huonja.
Hukinga kiganja, husukutua, hutangaza:
"Ya chumvi!" au "Ya baridi, bosi!"
Kina mama hupiga vigelegele. Mimi hukagua boliti.
Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini,
nami sikuwahi kujiuliza.

Ila ndoto.

Ndoto haina adabu, haibishi hodi,
inaingia na tope miguuni kwenye chumba ulichokwisha kufagia.
Nimo ndani ya tembe yetu, dari imeshuka hadi kisogoni,
na mdogo wangu Yunisi, wa miaka minne,
amekaa juu ya ngozi, mzima, amepakwa mafuta.
Ananiuliza: "Maji ni ya chumvi au ya baridi?"
Naamka kabla sijajibu,
ulimi umegandana na kaakaa.

Shangazi Foibe anazijua ndoto kama karani anavyojua mafaili.
Jino likitoka, msiba. Ukipaa, safari.
Nyoka ni adui; ukimuua, umemshinda.
Na maiti akikuuliza swali, usimjibu,
utamfuata.
Akanipa chumvi ya mawe nifunge kwenye pindo la shuka.
Nikafunga. Yunisi akaja vilevile,
akaliona lile fundo, akacheka:
"Kwa hiyo ni ya chumvi?"

Wanasema mji wetu ulipata jina
pale tembo alipokuja kunywa akadidimia topeni,
watu wakabaki kusema tu: idodomya, amezama.
Kisa hiki tunawasimulia wageni, nao hutabasamu.
Sijamsikia hata mmoja akiuliza
tembo yuko wapi sasa.
Mimi nimechimba huku. Kilichozama hakiishi.
Kinakaa. Kinageuka ladha.

Ule mwaka mtama ulikaukia shambani ungali wima,
mama akaenda kuhemea, siku mbili njiani.
Aliacha kibuyu kwenye kigingi:
"Haya ni ya Yunisi. Homa ikipanda, mloweshe midomo."
Nilikuwa na miaka tisa.
Nilionja. Kuonja tu.
Kisha nikaonja tena.
Mama aliporudi kibuyu kilikuwa chepesi,
na Yunisi pia.

Wakasema ni homa. Labda ilikuwa homa.
Nikaitikia. Nimeitikia miaka arobaini na mmoja,
nikidhani nimesahau, kumbe nimechimbia tu,
nikazunguka nchi nzima nikichimba kila mahali
isipokuwa hapo.

Shangazi, ndoto hii haikutoka kwa wafu,
wala haikubeba habari ya kesho.
Ilitoka mita chache chini yangu mwenyewe,
nami ndiye niliyekuwa nimeketi juu ya mfuniko.

Jana, Ibihwa, mita themanini na mbili,
maji yakaruka yakamlowesha hata mwenyekiti wa kijiji.
Chilongani akanyoosha kiganja.
"Ngoja," nikamwambia.
Akanitazama kama mtu aliyeona mtambo ukipiga magoti.
Nikainama, nikakinga, nikaonja.
Magadi matupu.
Nikameza hivyo hivyo.

Usiku alikuja, ngozi ile ile, mafuta yale yale.
"Ya chumvi, Yunisi," nikamjibu.
"Yale ya kibuyuni ndiyo yalikuwa baridi."

Hakucheka. Hakulia.
Alisogea kidogo tu juu ya ngozi,
kama mtu anayempisha mwenzake akae.

Hili la kusogea
sitamwambia Shangazi.