Laki Moja na Thelathini

Tulipatana laki moja na thelathini,
Haisi nyeupe, Kitangali na kurudi,
kumleta Bibi Somoe na vyombo vyake.
Nchunga akanipa mkono, mkono mkavu:
"Gari ni lako, kaka, mpaka jioni."

Hilo "lako" ningeliuliza maana palepale.

Naliendele hatujafika, mshale wa mafuta umelala chali.
Kumbe laki ile ilikuwa ya bodi na matairi;
mafuta ni ya mwenye safari.
Arobaini.
Naye dereva, Chihipu, hakunywa chai kwao.
Utingo sikumwagiza, ila yupo, na ana tumbo:
supu mbili, chapati tano, elfu saba.
Kizuizini Chihipu akashuka na leseni,
akarudi nayo, bila elfu kumi yangu.
Nanyamba tairi likashusha pumzi, likanyamaza.
"Pancha ni ya abiria," akasema,
kama anayesoma kifungu cha sheria.
Nane.

Kitangali, Bibi hakuwa tayari.
Aliaga kinu. Aliaga mlango, akarudi kuutikisa komeo.
Akazunguka nyuma ya nyumba, peke yake,
alikolala babu,
akakawia.
Kusubiri ni elfu tano kwa saa,
na Bibi anaaga kama anayelipwa kwa saa.
Mara tatu nilikohoa.
Mara tatu alinijibu, "Pole, mjukuu wangu."

Usiku, Chikongola, Nchunga kaja na tochi.
Akamulika bampa, akamulika viti,
akainua zulia kwa ncha ya kidole:
vumbi jekundu mpaka kwenye reli za viti.
"Na ya kuosha, kaka. Ishirini."

Nikapiga hesabu nimesimama:
laki yangu imejizalia laki ya pili,
na mama yake bado hajatoka arubaini.

"Mnadaiana nini?" Bibi akauliza, hajashuka.
"Udongo, Bibi."
"Udongo wa wapi?"
"Wa kwako."

Akafungua fundo la kanga.
Nikadhani anatoa pesa, nikaona haya.
Fundo tupu. Akalitandaza sakafuni
akaanza kukumba kwa kiganja,
chini ya kiti cha mbele, chini ya kiti cha nyuma,
polepole, chembe kwa chembe,
kama anayezoa unga wa mtu mwingine.
"Mwambie huu hauoshwi," akasema.
"Huu ni mzigo. Nilisahau kuupakia."

Nchunga alisimama, hakusema neno.
Alimulika pale Bibi alipopeleka mkono,
na mkono ulipohama, tochi ikahama.

Mwanga ule hakuuweka kwenye hesabu.