Herufi Tano

Ameingia na theluji mabegani,
kompyuta mpakato ameifunga ndani ya taulo la kuogea.
Jina lake Zhirayr. Anaoka mikate mtaa wa pili,
na unga umemganda kwenye nyusi.
Aliinunua sokoni Yerevan, ya Arpine, bintiye,
anayetaka kusomea uchoraji wa ramani.
"Viini vinane," ananiambia.
"Muuzaji aliapa kwa kaburi la mamaye."

Chema chajiuza. Hiki kimevaa vibandiko vinne.

Sibishani na vibandiko. Nafungua dirisha jeusi,
lile lisilo na picha wala tabasamu,
naandika herufi tano: lscpu.
Nagonga kitufe. Kufumba na kufumbua,
kichakataji kinajitaja, mstari baada ya mstari,
kama mtu aliyeitwa kituoni na hana la kuficha:
ukoo wangu huu, mfano wangu huu,
kasi yangu nikichoka, kasi yangu nikisukumwa.
Viini: viwili.
Nyuzi kwa kila kiini: mbili.

Zhirayr anahesabu kwa vidole. "Nne.
Nne nyingine ziko wapi?"
Zimebaki sokoni, namwambia, kwenye ulimi wa yule bwana.
Na hata hizi nne, fikiria matanuri mawili,
kila tanuri na waokaji wawili wanaopokezana mlango.
"Mmoja anachomoa, mwenzake anasukuma," anasema,
na kwa mara ya kwanza anavua kofia.

Tunashuka. Akiba ya kwanza ni mfuko wa aproni.
Ya pili ni droo. Ya tatu, megabaiti tatu,
ni ghala la nyuma, mpaka utoke na taa.
Mpangilio wa baiti: mdogo kwanza,
mama anavyopakua chakula.
Halafu kile kipimo cha kasi
ambacho waliokibuni wenyewe walikiita cha bandia,
kisha wakakiacha papo hapo, kisomwe.
Nakipenda kwa sababu hiyo.

Chini kabisa, Udhaifu.
Hapo wateja huacha kusoma.
Kimoja kimoja, kwa jina, bila kushusha sauti:
hapa siguswi,
hapa nimetiwa kiraka,
hapa niko wazi.
Na mstari mmoja unasema yote kwa pumzi moja:
nimedhibitiwa; nyuzi bado hatarini.

Nilikuwa na miaka tisa siku shule yetu ilipoketi chini.
Kaka yangu Mkhitar alikuwa ghorofa ya tatu, somo la jiografia.
Gyumri tumeijenga tena, kwa jiwe jeusi lile lile,
na mapazia, na harusi.
Lori zito likipita usiku kando ya reli
najikuta nimesimama, nimeshika mwimo wa mlango,
na mume wangu anauliza kutoka kitandani, "Vipi?"
"Salama," namjibu.
Miaka ishirini na mmoja ya ndoa, salama.

Zhirayr anagonga skrini kwa kidole.
"Hapa imeandikwa hatarini. Niirudishe?"
Hapana. Itachora ramani. Itapata joto, itanguruma,
milima itachelewa kidogo kutokea, lakini itachora.
Nabandua vibandiko kwa ukucha, vyote vinne;
cha mwisho kinaacha gundi, naiacha.
Namtajia bei ya kuongeza kumbukumbu. Anaguna.
Analipa nusu kwa noti, nusu kwa mkate
uliokuwa umelala na kompyuta ndani ya taulo.

Mlangoni anageuka: je, Arpine anaweza kuja
kuziona hizo herufi?
Aje Jumamosi, nasema. Aje na kalamu.

Nimefunga duka saa moja usiku.
Nyumbani mume wangu hakuinua kichwa kutoka kwenye kiatu
alichokuwa akikishona.
"Vipi?"

Nimeuweka mkate mezani. Nimevuta kiti.
"Kiini, kimoja," nimemwambia.
Naye, asiyejua lolote kuhusu kompyuta,
ameiweka sindano chini,
akangoja mstari wa pili.