Dawa, Bawa

Idi ile uliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne,
juu yake, kwa kalamu nyekundu: *Dada mpenzi*.
Nikakwambia, dada yako yuko jikoni.
Ukanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Zikapita siku tatu ndipo nikaelewa
kwamba dada ni mimi;
b ilijigeuza usingizini, ikaamkia upande wa pili.

Mimi mshona kofia, Mwanatumu.
Natoboa, nazungusha uzi, natoboa.
Kofia moja hunila miezi miwili,
basi nikadhani subira ninayo.
Sikuwa nayo. Nilipiga meza hadi bilauri ikaruka
kwa sababu ya punda uliyemwandika *bunda*.
Na mwalimu akaandika kwenye ripoti: *mvivu*.
Neno fupi, halina b wala d.
Ulilisoma bila kukosea.

Nikakushonea herufi juu ya bafta,
tumbo la b kwa uzi mwekundu, la d kwa kijani,
uzipapase kwa kidole huku umefumba macho.
Ilisaidia kidogo. Nisikudanganye: kidogo.
Mama yako akataka kombe.
Jirani wa Langoni akasema, muozeni,
mume hasomwi.

Kumbe kwenye zahanati ya punda ulikwisha kujulikana.
Siku ile walipomleta punda wa Bwana Famau,
kidonda mgongoni, saruji imemla ngozi,
wote wakakizunguka kidonda.
Wewe ulishika sikio lake, ukanyamaza, ukasema:
"Mguu. Wa nyuma, wa kushoto."
Daktari Mwachiro akainama, akachomoa msumari
mrefu kama kidole chako cha shahada.

Tulipokuwa tukirudi ukasema, "Hii ndiyo kazi yangu."
Hukusema *nataka*. Hukusema *naomba*.
Nami nikanyamaza kutoka Mkomani mpaka nyumbani,
nikihesabu ada, nikihesabu kofia,
nikihesabu, Mungu anisamehe, watakaocheka.

Mara ya kwanza chuoni, mkuu alivua miwani:
"Masharti ni masharti, mzee. Mtihani huandikwa."
Nikamwambia, mpe punda, kisha muulize kwa mdomo.
Akadhani natania.
Mara ya pili hakuwepo, au aliambiwa aseme hayupo.
Mara ya tatu nilikwenda na kofia mkononi, naishona
kwenye benchi lake tangu saa mbili mpaka adhuhuri.
Akatoka, akaitazama sindano, akauliza,
"Hii humalizika lini?"
"Ikishamalizika," nikajibu.

Wakakupa msomaji wa maswali na nusu saa ya ziada.
Nusu saa!
Ningekuwa na uwezo ningeifuma iwe ndefu.

Usiku tulifunga nyuzi kwenye chupa:
nyekundu ni sindano, nyeupe ni ya kunywa,
mafundo matano, mililita tano.
Nilikusomea kitabu chote, hata kurasa za ng'ombe
ambazo mimi sikuzielewa,
nawe ukanirudishia neno kwa neno, umelala chali,
kama msikiaji kaswida.
Kwenye chupa moja uliandika *bawa ya minyoo*.
Nilishika kalamu. Nikaiweka.
Uliliona mwenyewe, ukacheka, ukalifuta kwa mate,
ukaandika upya, polepole,
ukiuliza kidole chako tumbo linakaa wapi.

Matokeo bado. Wanasema wiki ijayo,
walisema hivyo wiki iliyopita pia.
Mtihani wa kuandika huenda ukaurudia.
Nimekwisha kukata bafta ya kofia nyingine,
mnunuzi nitamtafuta.

Ila jana uliacha simu yako dirishani, ikaita,
nami ndiye niliyekuwa nikipiga, kutoka dukani,
mama yako akasoma jina kwa sauti, akashangaa.
Kwenye simu yako mimi bado ni *Dada*.
Usilirekebishe.
Likitokea, pokea.