Siku ya Nne ya Kumwagilia

Mimi si bosi wa mtu hapa Mahuta.
Siajiri, sifukuzi, silipi kibarua.
Nina futi kamba, daftari lenye vumbi jekundu,
na sahihi ambayo mkandarasi Chitanda
huiota usiku.

Nondo alizoleta zilikuwa za milimita kumi.
Mkataba unasema kumi na mbili.
"Milimita mbili, dada Somoe!
Hata kiroboto hapiti hapo."
Nikamjibu: maji yatapita.
Lori likageuza, likazirudisha Mtwara.

Sasa tenki limesimama, zege bado bichi,
nalo linataka kunywa siku saba,
asubuhi na jioni,
juu ya mlima huu ambako ndoo moja
hupanda na kichwa cha mtu kutoka bondeni.

Leo Bi Asumini alisimama na ndoo tupu
akinitazama nikihesabu mapipa.
"Ukuta unaoga," akasema,
"mjukuu wangu hajanawa uso."

Sikuwa na kifungu cha kumsomea.
Kifungu cha kumi na nne kinajua zege tu.

Nikamjazia. Moja.
Nikaandika: lita ishirini, zimemwagika.
Uongo pekee
katika kurasa mia na sita nilizoijazia serikali.

Jioni Chitanda kaniuliza, utasaini lini?
Gonga ukuta, nikamwambia, usikilize.
Akagonga, sikio kalibandika kwenye zege.
Mimi nilikuwa nasikiliza ndoo
zikiwekwa chini, moja nyuma ya nyingine,
foleni ya bomba ambalo halijafungwa.