Siki ya Bi Thuwaiba

Jumatano, soko la wanawake Ibra lishavunjika,
Bi Thuwaiba kaniletea maabara chupa ya siki ya tende,
mdomo kaufunga kitambaa na mpira wa nywele.
"Manispaa wanataka karatasi.
Wapimie ukali wake. Mimi ulimi wanitosha."

Nyeusi, kahawa iliyosahauliwa jikoni.
Nikaizimua mara kumi, ikawa chai ya mgonjwa.
Nikafyonza mililita ishirini na tano,
fenolftaleni matone mawili,
bureti nikaijaza kostiki hadi sufuri.

Akavuta kiti.

"Asidi dhaifu hii, bibi."
Akanikata jicho.
"Dhaifu? Juzi imemtoa Sinan machozi!"

Dhaifu, nikamwambia, ni kwamba haitoi yote.
Kwenye chembe mia, moja, pengine mbili,
ndizo zimeachia hidrojeni;
nyingine zimeifumbata.
Na hata iliyoachiwa hurudi, ikatoka tena,
mlango hauna komeo.

"Kama mimi na Wete," kasema,
kisha kanyamaza, mtu aliyemwaga kitu
akatafuta cha kupangusia.

Tone. Tone.
Mwanzo namba za mita zilirukaruka,
halafu zikatulia. Naongeza kali, hazishtuki.
Mililita kumi na nukta nne:
nusu imeshakuwa chumvi, nusu ingali siki,
na hapo, katikati hapo,
ndipo inapokataa kuyumbishwa.
Nne nukta saba sita.
Nikaitia mililita nzima, kwa makusudi.
Nne nukta nane nne.

"Ina ubishi."
Asemaye ni yeye, ambaye miaka hamsini
wanawe humjibu kwa Kiarabu
naye huuliza tena, kwa Kiswahili,
kama hajasikia.

Baada ya ishirini nilikamata bomba kwa vidole viwili.
Tone likaning'inia, likanenepa, likaanguka:
waridi, nikaitikisa, ikapotea.
Jingine: waridi, ikapotea,
kwa uvivu sasa.
Ishirini na nukta nane.
Waridi. Imekaa.

"Zimelingana?"
"Zimelingana."
"Basi si kali wala si chungu. Maji matupu."

Nikamgeuzia mita aisome.
Nane nukta saba.
Hesabu imelingana, bibi, lakini saba imepitwa.
Chumvi iliyozaliwa humo haijasahau;
huyapokonya maji hidrojeni, chembe chache tu,
mahali pa ile iliyopokonywa.

Hakusema neno.
Aliitazama flaski muda mrefu kuliko alivyoitazama karatasi,
nami niliandika asilimia tano, nikapiga muhuri,
wino ukachafua tarehe.

Mlangoni mlinzi akamjulia hali kwa Kiarabu.
"Njema," kasema, akiikumbatia chupa,
"ila magoti."