Mkulima wa Mia Tatu

Aikaruwa ameleta kompyuta ya chama cha msingi
imefungwa kwa khanga kama mtoto wa kliniki.
"Inazima," anasema. "Nikifika mkulima wa mia tatu, inazima."
Namwambia kaa. Kiti ni kile cha plastiki,
mguu mmoja nimeufunga waya.
Nje, Moshi inauza soksi, betri na parachichi.
Mlima haujaonekana tangu Jumatatu.

Skrubu nne. Naiweka feni kando.
Hiki hapa, nasema, naye anainama:
kibamba cha kijivu, kidogo kuliko biskuti,
chini yake vidoa vya dhahabu, safu kwa safu.
"Ndicho kinachojua bei?"

Hakijui bei. Hakijui kahawa.
Kinajua mambo mawili tu:
mkondo upo, mkondo haupo.

Mkondo. Neno lile lile la maji.
Kule Uru zamu yetu ya mfongo ilikuwa Alhamisi usiku,
baba na jembe, mimi na taa ya chemli.
Ziba kwa udongo na gome la mgomba, zibua.
Lango hili likiwa wazi na lile likiwa wazi, ndipo bondeni palowe;
kwa mahindi ya shangazi, hili au lile, lolote, yatosha.
Hiyo ndiyo akili yote iliyomo humu, Aikaruwa.
Vilango. Mamilioni juu ya mamilioni,
kila kimoja kijinga kiasi kwamba hakidanganyi.

(Mimi nilidanganya. Usiku mmoja baba alisinzia
nikazibua lango la Ndewario, siku isiyo yetu.
Asubuhi hakuna aliyesema kitu,
ila migomba yetu ilikuwa na unyevu usioelezeka.)

Na zamu humu anazigawa nani?
Kuna kijiwe kinatetema pale pembeni,
hicho ndicho mizani. Si ile yako ya magunia,
ile ya mshairi, inayohesabu silabi
na kumrudisha nyumbani aliyezidisha moja.
Ti: leta agizo.
Ti: lifumbue. Kitendawili! Tega! Ni "jumlisha".
Ti: jumlisha.
Ti: jibu liwekwe kwenye rejista, kidole kishuke mstari.
Kidole kama chako kwenye daftari la wakulima,
hakiulizi daftari linaishia wapi.
Ila mstari mmoja husema: kilo zikiwa sifuri, ruka,
na kidole huruka kurasa arobaini bila kuaga.

"Mara ngapi kwa siku?"
Kwa siku! Ukipiga chafya moja
kimeshaleta, kimefumbua, kimetenda
mara bilioni, na bado hujafuta pua.

"Na hakichoki?"
Hakichoki. Kinapata joto.

Hapo nasita. Joto.
Naigeuza mbavu ya alumini iliyokilalia juu,
ile ya kukipunguzia homa,
na kati ya ubavu na ubavu, imeshindiliwa kama godoro,
ngozi ya kahawa. Myembamba, rangi ya asali,
msimu mzima umeingia kwa mlango wa feni.
"Magunia mnamwaga wapi?"
"Pale pale, chini ya meza yangu."
Anasema polepole, kama anayesoma jina lake kwenye orodha ya wadeni.

Kwa hiyo kilikuwa kinajizima kisiungue.
Kwa hiyo mkulima wa mia tatu hakuwa na kosa.
"Na mimi nilimwambia ana mkosi," anasema Aikaruwa.
"Mzee Elinami. Mara tatu nilimrudisha na gunia lake."

Nachokoa kwa brashi ya meno. Nafuta kwa spiriti.
Dawa mpya ya kupooza, kiasi cha punje ya mchele, isizidi.
Feni. Skrubu tatu, ya nne imeangukia chini ya kiti, iache.
Nawasha.

Anachomoa daftari kwenye mkoba, hapo hapo kaunta,
anaanza kuandika tangu mwanzo, bila haraka, kidole kikishuka.
Wateja wawili wanakuja, wanaondoka.
Mia mbili na tisini na nane.
Tisa.
Anaandika Elinami, herufi kwa herufi,
kilo arobaini na mbili,
na tunaisikiliza feni.